Kamati Ndiyo Iliyoamua

Mimi si mwoga wa watu. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka na mikaka, nimekabana na maafisa wa elimu na wazazi waliokuja shuleni wamelewa, na bado nikala chakula changu cha mchana bila tumbo kuniuma. Lakini wiki ile ya tamasha niliogopa hadi nikawa nalala taa ikiwaka, mtu mzima mimi. Nilikuwa namwogopea baba.

Tamasha letu la sanaa linahamahama, mwaka huu Homa Bay, mwaka ujao Migori. Linaendeshwa na bodi ambayo kila mtu huiita kamati: mwenyekiti ni mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, kisha kuna mchungaji mmoja, mama mmoja anayenunua dhahabu Masara, na wengine ambao sijawahi kuwasikia wakisema lolote ila kutingisha vichwa. Uwanja ni wa umma, tamasha ni la umma, na wao wamewekwa pale kwa niaba yetu. Hayo husemwa kila mwaka kwenye kipaza sauti, na sisi hupiga makofi.

Safari hii zamu ilikuwa yetu Homa Bay, na kamati ikatangaza kwamba ufunguzi utakuwa na tero buru.

Kwa asiyejua: kwetu Waluo mzee akifa, wanaume hutoa ng'ombe wa boma lake, wakabeba mikuki na matawi, wakakimbia nao hadi mbali, wakipiga filimbi na kulitaja jina la marehemu. Wanakifukuza kifo kitoke kijijini. Kisha hurudi wakiimba hadi nyumbani kwa marehemu, na hapo ndipo kazi inaisha. Ni jambo zito. Pia ni jambo la kupendeza kulitazama, sikatai, vumbi lile na pembe zile. Nadhani ndiyo maana mtu fulani kwenye kamati aliona lingefaa kufungulia tamasha, mbele ya wageni na kamera zao.

Walimfuata baba kwa sababu ndiye anayejua mpangilio wake, na ana ng'ombe. Baba yangu ni mzee mwenye miguu myembamba na dharau nyingi. Anaishi na mama nje kidogo ya mji, na mimi huwatembelea karibu kila Jumamosi. Jumamosi hiyo nilikuta mazoezi yanaendelea uani kwake. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na kijana mmoja aliyetumwa na kamati, koti kubwa kuliko yeye, alikuwa akiwaeleza mahali pa kusimama ili wapigwe picha vizuri.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa tunamfukuzia nani kifo?"

"Ni maonyesho tu, wazee," kijana akasema. "Tajeni jina lolote."

Lolote! Jina lolote ni jina la mtu, na mtu huyo ana watoto. Hakuna mzee aliyetaka kulipaza jina la jirani yake kama la maiti, wala la mtu wa kubuni, maana huwezi kujua ni nani huko Mfangano au Rongo analo jina hilohilo. Nao hawawezi kukimbiza ng'ombe bila jina. Wakatazamana. Ndipo baba akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Tumieni langu," akasema. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

Wazee wakacheka, kijana wa kamati akacheka zaidi kwa kuwa ametolewa kwenye shida. Wakasimama, wakaanza. Nikasikia jina la baba likipazwa vile hupazwa la mfu, naye mwenyewe yuko mbele yao anapuliza filimbi. Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, na alirudi ndani.

Mimi ni Mkristo, naimba kwaya. Ukiniuliza kwa utulivu kama jina linaweza kumuua mwenyewe, nitakuambia hapana. Shida ni kwamba siku zile sikuwa na utulivu. Baba alikohoa mezani nikaangusha kijiko. Alisema anasikia kizunguzungu kwa sababu ya jua, nikataka kumpeleka hospitali. Simu ikiita alfajiri nilikuwa naiangalia kwanza kabla ya kuishika, roho juu. Nilimwomba aache. Akaniambia, "Nyara, binti yangu, nimeshawapa neno langu." Basi. Baba akishatoa neno ni kama umeongea na ukuta.

Nikaona heri niende kwa walioliamua, waliondoe wao. Nikapanda gari hadi Migori.

Mwenyekiti alinipokea dukani kwake, katikati ya mabati na mapipa ya rangi, akaniagizia chai. Ni mtu wa heshima, sitamsingizia.

"Mwalimu," akasema, "hilo lilipitishwa na kamati."

"Na wewe si ni kamati?"

"Nimo, lakini si mimi niliyelileta."

"Nani alilileta?"

"Kusema ukweli, tulikuwa na pengo." Akanieleza. Waliwaomba Wakuria wa Kegonga walete ngoma yao ya tohara. Wazee wa huko wakajibu kwamba msimu haujafunguliwa, na ngoma hiyo haichezwi nje ya msimu, wakakata simu. Pengo likabaki kwenye programu. "Ndipo tukaona tuweke lenu," akasema, akiniongezea sukari bila kuniuliza.

Kwa hivyo matanga ya baba yangu yalikuwa ya kuziba pengo. Niliiacha chai ile mezani, nikaaga.

Mchungaji aliniambia siku ile ya uamuzi alikuwa na mazishi ya kweli, hakuhudhuria. Mama wa dhahabu, kwa simu, alisema yeye alitoka mapema. Kijana wa koti alisema yeye ametumwa tu. Nilizungushwa hadi nikachoka. Hakuna aliyenifokea, hakuna aliyenitisha, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Ningepata mtu wa kugombana naye ningekuwa na nguvu. Hapa palikuwa na uamuzi unaomzunguka baba yangu, nao hauna mwenyewe.

Likabaki jambo moja. Asubuhi ya ufunguzi, kamati hukaa mbele ya wananchi kwenye ukumbi wa mjini kujibu maswali. Ni desturi yao. Wanasali, wanagawa soda, mtu anauliza kuhusu vyoo, mwingine anauliza mbona vikundi vya upande mmoja pekee ndivyo vinapewa jukwaa kubwa, na mwenyekiti anajibu kila swali kwa namna moja: "Hilo tumelichukua." Sijawahi kujua wanalipeleka wapi.

Niliingia, nikakaa mbele. Walipotoa nafasi nikasimama.

"Naomba kujua nani aliamua tero buru ichezwe bila maiti."

"Kamati ndiyo iliyoamua," mwenyekiti akasema. "Na hilo ulilosema, mwalimu, tumelichukua."

"Hapana, msilichukue. Liacheni hapa hapa." Watu nyuma wakaguna. Sauti yangu ilikuwa imepanda, ile ya kunyamazisha darasa. "Baba yangu ametoa jina lake litajwe kama la mfu kwa sababu ninyi hamkuwa na la kutoa. Sawa. Mimi naomba kitu kimoja tu. Mmoja wenu atoe jina lake badala ya la baba. Yeyote. Ni maonyesho tu, si ndivyo mlivyosema?"

Mama wa dhahabu akaondoa mkono mezani, karibu na kipaza sauti, akauweka mapajani. Mwenyekiti akatazama karatasi zake.

Mchungaji akasema, "Mimi nimeokoka, mambo hayo siyaamini."

"Basi wewe ndiye hasa!" nikamwambia. "Kama huamini, toa lako."

Hapo ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, walipiga meza, akina mama wakapiga vigelegele, mtu akapaza sauti, "Toa, mchungaji!" Mchungaji akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Alikuwa anaogopa sawasawa na mimi, Mungu anisamehe, na nilifurahi kuona hivyo.

Vichwa vya kamati vikaungana wakanong'ona. Kisha mwenyekiti akasimama, uso umejaa tabasamu. "Wananchi, kamati yenu ni sikivu. Kamati imeamua kipindi hicho kiondolewe. Kimeondolewa sasa hivi." Makofi, jamani! Watu walinishika mikono. Nilikaa chini, machozi yananitoka, nikijiambia, amepona, baba amepona.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega. "Lakini mwalimu, si wameshatoka? Nimepishana nao asubuhi na ng'ombe wao, wanaelekea mbali huko."

Sijui nilivyofika mlangoni. Nilipiga simu ya baba, akashika mama: simu iko nyumbani, mfukoni mwa koti, baba amekwenda kifua wazi na ngozi ya chui ya kuazimwa. Kwa hivyo walikuwa huko porini, wameshalipaza jina, na mpango ulikuwa warudi kwenye uwanja wa tamasha. Kamati ilikuwa imejenga kibanda cha nyasi pale, kiwe ndiyo nyumba ya marehemu. Pale ndipo shughuli ingeishia.

Nikachukua bodaboda hadi uwanjani. Lango lilikuwa limefungwa, mlinzi kijana wa sare amesimama mbele yake. Barabarani palikuwa na samadi mbichi.

"Wazee wako wapi?"

"Nimewarudisha, madam. Nimeambiwa kipindi kimeondolewa, hakuna ng'ombe kuingia."

"Wamekwenda wapi?"

Akanishangaa. "Ng'ombe wamekwenda kwao."

Ng'ombe hawajui kamati. Ukiwazuia lango hili wanashika njia wanayoijua, na hao walikuwa ng'ombe wa baba. Na buru haikatizwi njiani; walikuwa wanaipeleka nyumbani kwake kweli kweli, filimbi, matawi, mikuki na jina lake likitajwa.

Nikiwa juu ya bodaboda nilimpigia mwenyekiti. Nikamwambia afungue lango, awaite warudi, wamalizie pale kwenye kibanda, tafadhali, kwa heshima.

"Mwalimu," akasema, na kweli sauti yake ilikuwa ya mshangao, "si ndicho ulichotaka?"

Kabla hatujafika nilisikia nduru. Zilianzia nyumba moja, zikadakwa na nyingine, hadi kilima chote kikawa kinalia. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo mwenyewe. "Pole, mama," akaniambia. Nikaamini. Kwa muda ule wote, kutoka pale kwenye mwembe wa kanisa hadi njia ya nyumbani, nilikuwa mtoto aliyefiwa na baba. Nilipiga mayowe pia. Sikumbuki nilisema nini.

Majirani walikuwa wamesikia buru inakuja na jina la baba limo ndani yake, na kila mtu hapa anajua hiyo maana yake ni nini. Wangefikiria nini kingine? Wanawake walikuwa wanakimbia kutoka mashambani, mikono kichwani. Mama alikuwa ameketi chini uani, ameshafungua kitambaa cha kichwa, mdomo wazi, hatoi sauti.

Na baba alikuwa amesimama langoni pake. Hai. Alikuwa ametandaza mikono na mkuki, anawazuia ng'ombe wake mwenyewe wasiingie. Wazee wenzake walikuwa nyuma ya ng'ombe, matawi yamelegea mikononi, hawathubutu kusogea mbele wala kuondoka. Dume kubwa lilikuwa linamsukuma kwa paji la uso, naye anasukuma, miguu yake myembamba inateleza kwenye vumbi. "Si hapa!" alikuwa anawaambia ng'ombe. "Si hapa! Si hapa!"

Sijawahi kumwona baba akiogopa. Sikuwa najua uso wake unaweza kuwa hivyo.

Nduru zilianza kukatika watu walipomwona, moja moja, kisha zikaisha kabisa. Hakuna aliyemsalimia. Mtu akishaliliwa na kijiji kizima utamwambia nini, habari za mchana? Jirani mmoja aliyekuwa akipita karibu naye alirudi nyuma.

Nikapenya katikati ya ng'ombe hadi nikamfikia. Alikuwa anahema, jasho limechora mistari kwenye majivu aliyojipaka.

"Nani amesema tufungiwe lango?" akaniuliza.

"Kamati, baba."

"Sijauliza hiyo. Nimeuliza nani."

Nilifikiria mwenyekiti na tabasamu lake, mchungaji, mkono wa yule mama ukitoka mezani. Hakuna kati yao ambaye angekuja kusimama pale kwenye samadi. Mama alikuwa ananitazama, na wazee walikuwa wananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisimama mkutanoni nikataka iondolewe. Wakaiondoa."

"Uliniuliza?"

"Hapana, baba."

Alinitazama, mkuki bado umelala kifuani mwa lile dume. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo wake baada ya kuungoja sana.

"Afadhali," akasema. "Nikifa, angalau nitajua nimlaumu nani."