Kwa Baiskeli Hadi Nata, Shangazi Robhi Akiwa kwenye Keria

Nilipotaka kumwoa Bhoke wa hapo kwetu Nyamwaga, baba yake alinipokea kwa upole mwingi mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Ng'ombe wa mahari aliwakubali, ukoo wetu aliukubali, hata kazi yangu ya cherehani pale Nyamisangura hakuitilia neno. Mwisho ndipo akasema, "Sasa, Chacha, kamwone mjomba wake kule Nata. Mke wangu alipougua, yeye ndiye aliyemlea huyu binti mpaka akaweza kubeba mtungi wa maji. Asipokubali yeye, na mimi mdomo wangu umefungwa."

Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza ingali juu ya boma la Tarime, na gari la kwenda Nata lilikuwa jambo la kuota tu. Lakini mimi nilikuwa na baiskeli. Nilikwisha kuiendesha mara nyingi mpaka Shirati, ziwani, njia ambayo ukishaiacha milima inanyooka, na upepo wa ziwa unakupoza jasho. Kwa safari hizo nilijihesabu bingwa. Shida ni kwamba kwetu mposaji hajisemei. Baba yangu alikuwa amefariki, na katika ukoo mzima mwenye ulimi wa posa alikuwa Shangazi Robhi, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde.

"Nitakwenda," alisema, "lakini kwa miguu siendi. Nitakaa hapo nyuma."

Tuliondoka Nyamwaga alfajiri, migomba ikidondosha umande. Shangazi alikaa upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika mkanda wangu, wa pili umekumbatia kibuyu cha maziwa ya mgando, zawadi ya mjomba. Nilipokanyaga pedali, gurudumu la mbele lilinyanyuka kama ndama anayekataa kamba. Watu waliokuwa wakienda shambani wakasimama kutazama.

"Mnatazama nini? Kapalilieni!" Shangazi aliwapigia kelele, na tukaanza safari yetu kwa kupinda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Njia ya kutelemkia mto Mara ina mawe ya ukubwa wa vichwa vya mbuzi. Breki zilikuwa zikilia, Shangazi akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu anayekaribia kufika mbinguni. Kila tulipokutana na kilima, alishuka na kutembea nyuma yangu huku akinishauri. "Kanyaga kwa nguvu, mura, kijana wangu! Kumbe hata mtu akishuka huwezi?"

Mtoni tulimkuta mwenye mtumbwi amekaa anavuta kiko. Mto ulikuwa umepungua, lakini mamba walikuwa hawajapungua. Akatutazama, akautazama mtumbwi wake.

"Vyote kwa pamoja haviwezekani," alisema. "Nianze na mama au nianze na baiskeli?"

"Baiskeli," nikajibu kabla sijafikiri.

Shangazi akageuka kunitazama. Hata yule mwenye mtumbwi alitoa kiko mdomoni.

"Nimesikia," alisema Shangazi.

Jioni, karibu na Mugumu, tulipokelewa na familia moja ya Wakristo iliyotupikia ugali wa mtama na mlenda. Mama mwenye nyumba alituuliza habari za njiani. Shangazi akamjibu kwamba njia ni nzuri, ila ukisafiri na mtu anayekuona wewe ni mzigo na baiskeli ndiyo ndugu, njia inakuwa ndefu. Yule mama akanitazama kwa huruma, halafu akamwongezea Shangazi mboga. Mimi hakuniongezea.

Kutoka Mugumu kwenda Nata nchi inafunguka, milima inabaki nyuma, na barabara ni vumbi jekundu kwenye majani marefu. Huko ndiko tulikowakuta nyumbu. Walikuwa wanavuka barabara mmoja nyuma ya mwingine, na mstari wao ulikuwa hauna mwisho. Mimi nilitaka tupande mti. Shangazi alishuka kwenye keria, akafunga khanga kiunoni, akaanza kuwakaripia: "Nyie! Hamna wenyewe? Pisheni!" Nyumbu hawakumjali. Tulisubiri mpaka jua likatuchoma visogo, na walipokwisha kupita Shangazi alisema kwa ushindi, "Umeona? Ni kuwaambia tu."

Nata tulifika watu wakirudisha mifugo. Mzee Makuru, mjomba wa Bhoke, alikuwa mrefu, mkavu, anayeishi peke yake tangu mke wake afariki. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye baiskeli.

Shangazi alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Mzee akakifungua, akakiinamisha juu ya bakuli. Yakatoka maji meupe, chururu, chururu. Akakitikisa. Likafuata donge la siagi, likaanguka katikati ya bakuli na kumrushia matone usoni. Mawe yote yale kutoka Nyamwaga yalikuwa yamesukasuka maziwa yetu.

Mzee Makuru alijifuta taratibu. "Mmeniletea maji na siagi, na vyenyewe vimekwisha kuachana," alisema. "Hii ni posa au ni talaka?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona Shangazi Robhi amekosa neno.

Kesho yake asubuhi mzee alitupa jibu. Kijana hakuwa mbaya, alisema, lakini Nyamwaga ni mbali. Hapo jirani palikuwa na mtu mwingine anayemtaka Bhoke, mtu wa karibu. "Mimi nikitaka kumwona binti yangu, huko kwenu nitafikaje?"

Kwa desturi nilipaswa kunyamaza. Lakini nilimwona Bhoke akitwaliwa hivi hivi kwa sababu ya umbali, nikasema, "Kwa baiskeli, mzee. Ni rahisi sana."

Akaigusa kengele ya baiskeli. "Basi nifundishe."

Tulikwenda kwenye njia ya ng'ombe inayotelemka kisimani. Nilimpandisha, nikashika kiti, nikamweleza usukani na pedali. Breki nilikuwa nataka kumweleza baadaye. Alipoona anakwenda alifurahi kama mtoto, akapiga kengele, akanyanyua mkono kumpungia Shangazi. Kiti kikanichomoka mkononi.

"Simama!" Mzee Makuru aliiamuru baiskeli, kama anayeamuru ng'ombe. "Simama, nimesema! We! Simama!"

Chini kulikuwa na kisima na mawe makubwa. Niliona mambo mawili kwa pamoja, mzee akivunjika shingo na posa yangu ikizikwa naye. Nikakata njia kwenye majani, nikatokea mbele yake, nikatandaza mikono. Baiskeli ilinipata sawasawa. Mzee aliniangukia juu, mzima kabisa. Kifundo changu cha mguu kililia kama ukuni mkavu.

Shangazi alifika akihema, akanikagua, akanyanyuka, na sasa maneno yote aliyokuwa ameyakosa yalikuwa yamerudi.

"Mkwe," alimwambia Mzee Makuru, "kijana wangu alikuja hapa na miguu miwili. Mtu wenu wa jirani ana miguu mizuri, nasikia. Je, ameshawahi kuitandika barabarani ili wewe uangukie pahala laini?"

Mzee alinibeba mpaka nyumbani, akachemsha maji ya chumvi, akakaa chini kunikanda mwenyewe. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo Shangazi hakuisikia, "Bhoke alipokuwa mdogo alikuwa anacheka humu ndani mpaka kuku wanakimbia. Nilifikiri nikiwakatalia watu wa mbali, atarudi karibu." Akakanda tena. "Mtu hafugwi kama mbuzi. Mchukue, lakini mniletee nimwone."

"Tutamleta, mzee," nilisema, na machozi yangu hayakuwa yote ya mguu.

Siku ya kurudi uvimbe ulikuwa haujaisha, na kupiga pedali sikuweza. Shangazi akaizunguka baiskeli kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Nimekaa nyuma yako njia nzima nikikutazama," alisema. "Hakuna siri yoyote humu." Alijifunga gauni kwa khanga mbili, akaanguka upande wa kushoto, akaanguka upande wa kulia, akamtukana mwenye kiwanda, halafu akaenda. Mzee Makuru alimpigia makofi.

Vilimani alinisukuma nikiwa juu ya kiti. Tambarare aliendesha, mimi nimekaa kwenye keria, mguu umenyooshwa kama mkia wa mbwa. Na hapo ndipo nilipoiona nchi. Wakati wa kwenda nilikuwa nimeona gurudumu la mbele tu. Sasa niliona swala kwenye vivuli, moshi wa nyumba za mbali, na mto Mara uking'aa chini kabla hatujaufikia. Mtoni mwenye mtumbwi alituuliza tena nani atangulie. Safari hii nilikaa kimya.

Nyamwaga tuliingia siku ya soko. Watu waliacha ndizi zao wakaja barabarani kumwona mwanamke mzima akimwendesha mwanamume mzima. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bhoke alipenya katikati yao, akanitazama mguu, akamtazama Shangazi, akauliza, "Mjomba amesema nini?"

"Amekubali," nilisema.

"Na mguu?"

"Ndivyo alivyokubali."

Katika safari ile nilijifunza kwamba anayepiga pedali haoni njia, na kwamba anayekataa posa pengine ana upweke, hana ubaya. Mengine nilifundishwa na Shangazi kila alipopata nafasi.

Siku ya harusi Mzee Makuru alifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anasukuma baiskeli yake mwenyewe, mpya, karatasi za dukani zingali zimezungushiwa bomba lake. Viatu vilikuwa vimemwishia soli. Bhoke akamkimbilia, akamuuliza kama ameendesha kutoka Nata.

"Kuendesha bado," alisema mzee kwa fahari. "Lakini nimekuja nayo."