Nilipewa Jina la Mkwe wa Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Manyatta, kule Embu, miaka ya tisini, hakuna mzazi aliyepekua simu kumtafutia mtoto jina. Binti wa kwanza alipewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, basi; na mtoto alihesabiwa kuwa ndiye yule mwenye jina. Dada yangu Wambeti akamrithi nyanya mzaa baba. Mimi nikawa Marigu, jina la mama mkwe wake baba.

Nanyi mnamjua mwanamume wa Embu mbele ya mkwewe: macho chini, maneno machache. Wambeti akitoka shule, baba alichangamka, "Mama, umefika?" Mimi nilikuwa "wewe". Chai aliipokea mkononi mwa Wambeti. Nikimletea mimi, alingoja niiweke mezani. Nikilalamika, Wambeti alinichokoza: "Akubebe aje na wewe ni mkwewe? Ngoja akuletee mbuzi wa mahari!" Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Nikaamua kuwa mtoto asiye na kosa. Hadi leo nguo nazikunja mara mbili. Kwenye shamba la chai nilichuma majani mawili na chipukizi, si zaidi, umande ukiloanisha sketi, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Jumamosi moja kwenye kituo cha kuuzia majani, mkaguzi aliyekuwa akikataa majani ya kila mtu aliinua yangu, akayanusa.

"Mzee, chai hii imechumwa na nani?"

Baba alitazama kofia yake.

"Ni ya nyumbani," akasema.

Jioni mama alinipa kiazi cha kuchoma na kuniambia, "Mwanamume hamtaji mkwewe mbele za watu. Amekuheshimu." Lakini mimi nilikuwa mtoto. Nilitaka kubebwa, si kuheshimiwa.

Siku hizi baba kijana anaweka picha ya bintiye kwenye simu na mioyo kibao, na binti mwenyewe ukimtuma maji anauliza mtungi uko wapi. Nawacheka. Pia nawaonea wivu, nakiri. Sisi tulipata chai tamu, jioni zenye harufu ya moshi, na kina baba waliotupenda kwa mbali, kama walitupenda.

Baba sasa ni mzee, na yule mkwewe alishazikwa. Jumapili hii nitaketi kando yake kwenye benchi la nje, nimwambie, "Baba, mimi ni mtoto wako. Niite." Akisogea, nitasogea. Benchi lile si refu.