Mashati Yaliyonuka Moshi

Siku moja haitanitoka kichwani, mwanangu: siku mashati yetu yaliporudishwa. Ulikuwa hujaota jino. Ulilala kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, nami nashona huku nakibembeza kikapu kwa mguu mmoja. Watu watasema mama yako bado msichana, nasaha awaachie wazee. Waseme. Hasira yangu imezeeka kabla yangu, na nikingoja mvi nitakuwa nimesahau nusu.

Kwanza nikueleze karakana ilivyokuja. Kijiji chetu cha ujamaa, huku milimani juu ya Gare, kilichaguliwa kushona mashati ya kuuzwa nje. Afisa wa viwanda alipanda kutoka mkoani, kijana wa kalamu mbili mfukoni, akatuambia nchi haiwezi kuuza katani na chai tu huku nguo ya kuvaa inainunua ng'ambo. Maneno matamu, na ya kweli pia. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nina mimba yako, na baba yako yuko bondeni kwenye mashamba ya mkonge. Cherehani mpya zilipoteremshwa nililia. Nilijua sasa sitamfuata huko, na wewe hutalelewa kwenye kambi ya manamba, vibarua wa mkonge.

Tuliomba kitu kimoja tu: ghala. Banda tulilopewa lilikuwa la kahawa zamani, bati lake limetoboka kama chujio. Nikasimama mkutanoni.

"Ndugu Afisa, huku ukungu unaingia mpaka kitandani. Mzigo utakaa wapi ukingoja lori?"

"Dada, lori litakuja siku hiyo hiyo mtakayomaliza. Mbona unapenda kungoja?"

Wanaume wakaangua kicheko. Wao hawakuwa na shati la kushona.

Lori halikuja. Masika yaliibomoa barabara ya kutoka Mombo, mawe yakalala katikati kama ng'ombe. Mashati yakakaa ndani ya maboksi, maji yakadondoka, na kola zikaanza kuota kuvu. Tulikaa chini tukalia, wanawake wazima. Bibi yako, mama yake baba yako, ambaye kazi yake pale ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki, akakaza khanga kiunoni.

"Mbegu ya mahindi mnaiweka wapi isiharibike?"

"Darini, juu ya meko," tukamjibu.

"Basi mnalia nini? Na haya si mbegu?"

Nyumbani kwetu kila kitu cha thamani hukaa pale juu, moto ukiwaka chini yake. Mdudu hagusi, kuvu haioti. Tukayasugua mashati, tukagawana, kila nyumba ikapandisha fungu lake. Bibi alitandika khanga yake ya sikukuu ili masizi yasiyaguse. Barabara ilipofunguliwa tuliyashusha makavu, meupe pe! Tulijisifu njia nzima tukiyapeleka kwenye lori. Harufu hatukuisikia. Nani huku anasikia moshi? Tumezaliwa ndani yake.

Ndipo ikafika siku ile. Lori likapanda na maboksi yale yale. Afisa akashuka, akampita Bibi bila hata shikamoo, akachana boksi, akarudi akamsogezea shati puani.

"Nusa, mama."

Bibi akanusa, akafikiri. "Zuri," akasema.

Hata waliokuwa wanatetemeka walicheka.

"Linanuka jiko! Mnunuzi amekataa mzigo wote. Nchi inahangaikia fedha za kigeni, nyinyi mnabanika mashati kama samaki! Nani alileta wazo hili la kishamba?"

Kisha Bibi akasema, "Ni mimi, baba."

Nikainuka na wewe ukiwa kwenye titi. "Ndugu Afisa, mwamkie kwanza. Halafu utuambie ghala liko wapi."

"Wewe umesoma, bado unatetea ujinga?"

"Natetea ghala."

Haikusaidia kitu. Sitaki kukudanganya. Nilisema kweli, mbele ya watu, kwa sauti, na cherehani zilipakiwa kwenye lori lile lile zikapelekwa mjini, kwa watu waliostaarabika. Kikapu chako ndicho walichotuachia.

Ila kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Tulipovuna, Bibi hakupandisha mbegu darini. Aliifunga kwenye gunia akaisukuma chini ya kitanda, kimya kimya, kama mtu anayeficha aibu. Nilipomuuliza alisema, "Wenye elimu wamesema moshi ni ujinga." Siku ya kupanda tulifungua gunia likatoa unga. Kila punje ilikuwa imetobolewa. Mwanamke aliyelisha watoto saba kwa mbegu za dari lile!

Kwa hiyo, bila cherehani wala mbegu, kesho tunashuka bondeni kwa baba yako, mimi na wewe, kwenye kambi ileile niliyoikwepa. Bibi amekataa kuja. Jana nilimwombea mbegu kwa jirani, nikapanda darini nikaiweka juu ya meko. Alinitazama kutoka chini.

"Itanuka," akasema.

Nikaiacha pale pale, nikashuka.

Sasa shika haya, mwanangu, hata kama yatakuwa machungu. Ukiletewa mashine, usipige makofi kabla hujaonyeshwa mahali pa kuweka kazi ya mikono yako. Atakayekucheka kwa unachokijua, muulize yeye amekujengea nini badala yake. Uliza ukiwa umesimama. Siahidi kwamba utajibiwa, mimi sikujibiwa. Na mtu mzima akikosea kwa kutaka kuokoa, mwamkie kwanza, ndipo umweleze. Ukimvunja mbele za watu, atakwenda nyumbani kuvunja na yale aliyokuwa anayajua sawasawa.

Mungu akukuze. Akupe mikono ya Bibi yako na mdomo wangu, na akupe ambacho sisi hatukupewa: paa lisilovuja, juu ya kitu ulichokishona mwenyewe. Amina.