Aliyehesabiwa Mara Mbili

Dada yangu alikuwa karani wa sensa, na kwetu mlimani hakuna kilima ambacho hakukipanda. Vilima vitatu, mto mmoja, nyumba zimetupwa huku na kule. Soli ya kiatu ikaachia, akaifunga kwa kamba, akasonga mbele. Kila mlango aliuandikia namba kwa chaki. Mama mmoja, muuza mkaa, alimbembeleza amhesabu mwanawe anayeishi mji wa bondeni.

"Mama, naandika waliolala hapa," dada akamjibu. "Wa moyoni hawana nafasi humu."

Mama akakubali kwa shingo upande. Maana tulihitaji watu elfu tatu ili zahanati yetu ijengewe wodi ya wazazi. Dada mwenyewe alijifungulia njiani akiteremshwa bondeni, na mtoto hakulia.

Sasa nikwambie kosa lake. Shemeji yangu, mumewe, seremala, alikuwa na karakana huko bondeni, nyumbani anarudi Jumamosi. Aliahidi kulala kwa dada siku ya sensa. Hakutokea. Akapiga simu, eti mvua imekata barabara. Dada akamwamini, akamwandika: mkuu wa kaya, amelala hapa. Uongo mmoja tu katika kazi nzima, na kwa ajili ya nani? Yule!

Jumla ikaja elfu tatu kamili. Tulishangilia hadi sauti zikakauka.

Wiki ya tatu msimamizi wake akamwita ofisini, akamwekea karatasi mbili mezani.

"Karani, mtu huyu kahesabiwa mara mbili. Lazima afutwe sehemu moja."

Dada akaisoma ile ya bondeni. Mkuu wa kaya: jina lilelile, umri uleule, seremala. Mke mmoja. Watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Miaka kumi na moja ya ndoa, jamani! Na mimi kila Jumamosi nilikuwa namkaangia shemeji mayai, mjinga mimi.

Dada akachukua kalamu nyekundu, akamfuta kwetu.

Wodi ikaota mbawa. Unadhani walimlaumu seremala? Thubutu! Walimjia juu dada, wa kwanza yuleyule muuza mkaa.

"Ulishindwa nini kumfuta kule bondeni? Nani angejua?"

Dada alikuwa mlangoni kwake, anasugua namba ya chaki kwa kitambaa chenye maji. Hakugeuka.

"Kule ndiko anakolala," akasema.