Kapsuli za Rangi Mbili

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na sitaomba radhi kwa kulisema. Niliondoka Kalemie, wakati ule ikiitwa Albertville, nikiwa na suruali moja na viatu vya kuazima. Uhuru ukiwa bado mchanga, nilirudi kwa meli kutoka Usumbura nikiwa muuguzi kamili, niliyejisomesha kwa kufua mashuka ya hospitali. Bandarini walinisalimia "Papa infirmie". Mama hakuwepo.

Nilimkuta nyumbani, kambi ya reli, amelala mkekani. Alikuwa amekonda hadi pete yake imefungwa uzi isianguke. Alikuwa akiharisha kwa majuma matatu. Kila alipotoka chooni, dada yake, mama mkubwa wangu, alimmezesha kapsuli moja, nusu nyekundu, nusu ya manjano.

Nilimwambia Mama afungue kinywa. Ulimi ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga wa muhogo. Nilijua maana yake, na hasira ikanipanda.

"Nani alikuambia umpe kapsuli kila akienda chooni?"

"Ugonjwa ukirudi, dawa inarudi," mama mkubwa alijibu bila kuniangalia. "Ao kwenye masomo waliwafundisha kuacha mugonjwa bure?"

"Dawa hiyo ndiyo inayomharisha."

Akacheka. "Sikieni. Leo moto unalowesha nguo."

Nikaeleza. Tumboni mna vijidudu vingi vinavyotusaidia kusaga chakula na kuvinyima nafasi vile vibaya. Dawa haichagui, humuua adui pamoja na mlinzi, na ukiimeza ovyo, wabaya wanaobaki hujitawala, kama ule ukungu wa ulimini. Nilieleza vizuri kabisa, kama siku ya mtihani nilipowashinda wote. Mama mkubwa aliingia chumbani, akatoka na barua.

"Soma, Papa. Weye njo uliandika."

Ilikuwa barua ya mwaka wangu wa kwanza shuleni, niliyoituma pamoja na kopo la kapsuli. *Dawa hii inaua kila ugonjwa. Tumbo likiuma, meza. Likiendelea, meza tena.* Nilikuwa mwanafunzi wa miezi mitatu, na nilitaka wajue nimekuwa mtu. Kopo lilipokwisha, walinunua kapsuli nyingine sokoni, kwa mwanamume aliyeziuza pamoja na nyembe na viberiti. Barua ilikuwa imesomwa kambi nzima. Hata watoto wenye mafua walikuwa wakimezeshwa.

Nilimchukia yule muuzaji. Nilimkasirikia mama mkubwa. Kisha nilitaka kuichana barua, naye akanishika mkono.

"Hapana. Kama ni uongo, sema ni uongo."

Sikuzoea kusema nimekosa, na bado sijazoea. Nilimtazama Mama pale mkekani.

"Ni uongo," nikasema. "Niliandika nisilolijua."

Mama akageuza kichwa polepole. "Dada, ule mutungi wangu wa munkoyo, unaweza kuuosha na sabuni?"

"Siwezi. Ukiuosha na sabuni, munkoyo hauchachi, unaoza tu."

"Basi mutoto njo anasema vile. Mumenisafisha tumbo na sabuni."

Diploma yangu haikuweza kumshinda mama mkubwa. Mtungi wa kinywaji cha mahindi uliweza. Nilimeza uchungu huo na kuanza kazi: maji ya chumvi na sukari, uji mwembamba, kidogo kidogo. Siku mbili hapakuwa na nafuu, na mama mkubwa alikaa mlangoni, kopo la kapsuli mapajani, akinihesabia kila safari ya chooni. Siku ya nne Mama alilala hadi asubuhi bila kutoka.

Kambi ilinisifu, nami nilizipokea sifa, maana nilistahili. Lakini nilipopita nyumba kwa nyumba kuwaambia waache, mke wa fundi mmoja wa reli alinijibu huku akiendelea kuchambua ndakala, dagaa wa ziwa letu: "Weye umekwisha kusoma, umekuwa mukubwa, sasa unatunyima dawa." Jioni hiyo hiyo nilimwona akimpa mtoto wake kapsuli kwa kijiko.

Mama aliishi miaka mingi. Maharage, chakula alichokipenda kuliko vyote, hayakumkubali tena. Kila alipoyapika aliwapakulia wengine, kisha akajikalia na uji wake, na mimi, mwenye diploma, nilikula huku nimeinamisha kichwa.