Mwani wa Maji ya Baridi

Mwezi wa Mei ulipoingia na watu wa Walthamstow, huko London, wakaanza kuvua makoti, Mardhiya aliongeza sweta. La chini lilikuwa lake, la juu la mumewe Abdulsamad, na juu ya yote akajitanda mtandio wa sufu uliozunguka shingo mara mbili. Akisukuma kigari cha mtoto sokoni, kati ya mafungu ya nyanya na majora ya vitambaa, alionekana kama mtu aliyetoka msimu mwingine.

"Wifi, umejifunga kama mzigo wa kwenda Pemba," Haifa alimcheka. "Bado kuandikwa jina la mpokeaji tu."

"Cheka wewe. Mie baridi imeniingia mifupani."

"Baridi ya wapi? Mwenzio natoka jasho."

Haifa alikuwa dada wa Abdulsamad. Alikuja London msichana mdogo, akasomea huku, na sasa kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mdomo alikuwa nao, lakini moyo alikuwa nao zaidi. Tangu Mardhiya ajifungue haikupita wiki bila ya yeye kupiga hodi, mkononi kabeba chakula, mdomoni kabeba utani.

Mardhiya alikuwa mtu wa maneno machache. Alizaliwa upande wa Mkoani, kisiwani Pemba, akasoma mpaka darasa la saba, kisha akaingia pwani kulima mwani pamoja na wanawake wa kwao. Huko huko ndiko alikoposwa. Bi Mize, mama yao Haifa na Abdulsamad, alikuwa na kamba zake za mwani jirani na za kwao. Maji yakitoka walifunga miche pamoja, na Bi Mize akawa anamtazama yule msichana anavyopiga fundo lisilofumuka na anavyokaa kimya wenzake wakisengenya. Akampigia simu mwanawe: "Nimekuonea mke. Huna haja ya kufikiri sana." Abdulsamad akaja likizo, akafikiri kidogo, akaoa.

Musab alipozaliwa, Bi Mize hakuweza kusafiri kuja kumuuguza mkwewe aliyejifungua, basi alimuuguza kwa simu. Supu jioni, maji ya moto ya kukanda tumbo, uji wa pilipili manga asubuhi, na ndani ya uji kijiko cha unga wa mwani. "Wa mikono yangu mwenyewe, mwanangu. Utaona maziwa yanavyoshuka." Unga ukaletwa na msafiri. Mardhiya, aliyekuwa peke yake mchana kutwa katika nyumba ya ghorofani, kila akikoroga uji wake aliona kama mkwe kamwekea mkono begani.

Unga ule ulikwisha mtoto alipoanza kucheka. Mardhiya hakutaka kumsumbua bibi wa watu. Katika duka moja la vyakula vya afya aliona pakiti yenye picha ya jani refu la baharini, na ndani yake unga wa kijani iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Maandishi hakuyafuata yote, picha aliifahamu. Mwani ni mwani, akajiambia, akanunua. Maziwa yalipoonekana kupungua akatia vijiko viwili. Yakazidi kupungua, naye akazidi kutia.

Musab hakusumbua. Ananyonya kidogo, analala, anaamshwa anyonye tena. Jeff, mzee wa nyumba ya chini, kila akikutana nao ngazini alimsifu: hajapata kuona mtoto asiye na kelele namna hii. Mardhiya akamshukuru Mungu kwa kupewa mtoto mwenye huruma na mama yake, kwa kuwa yeye mwenyewe siku hizo hata kunyanyua sufuria alikuwa akihema.

Jumamosi moja Haifa alikuja kumsuka. Mtandio ukatoka, masweta yakatoka, na kila chanuo likipita linarudi na fungu la nywele. Haifa akaacha utani. Akazunguka mbele.

"Hebu nyanyua kidevu."

"Kuna nini?"

"Nyanyua tu. Meza mate." Akatazama. "Meza tena. Wifi, shingo yako imeota nini?"

Mardhiya akajishika. Kweli palikuwa na uvimbe, laini, mpana, unaopanda na kushuka akimeza. Miezi yote ile hakuna aliyeiona shingo ile. Nje ilikuwa ndani ya mtandio, ndani ilikuwa ndani ya sweta, na mwenyewe hakuwa na muda wa kusimama mbele ya kioo.

"Nimenenepa," alisema.

"Hakuna anayenenepa koo peke yake. Jumatatu tunakwenda kwa GP, na usinambie una kazi."

"Haifa." Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na ilikuwa hivyo tangu wiki kadhaa. "Wakinambia nimwachishe ziwa, je?"

"Nani kasema hayo?"

"Wakinipa dawa kali? Wakinikata? Nitamnyonyesha vipi?"

Hofu hiyo haikutoka hewani. Bibi yake Mardhiya, mzaa mama, aliwahi kuota rovu, uvimbe wa koo kama huu, na kovu lake lilikuwa limelala shingoni kama mkufu mwembamba. Mardhiya aliishi na kovu hilo utoto wake wote. Lakini hakupata kumsikia bibi akilisikitikia. Alipasuliwa Mkoani na daktari wa Kichina, mmoja wa wale waliokuwa wakitumwa Unguja na Pemba kwa zamu tangu enzi za wazee. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache tu. Asubuhi anakuja kitandani, "Bibi, sema jina lako." Jioni anakuja, "Bibi, sema jina lako." Baadaye ndipo walipomfahamisha kwamba anaisikiliza sauti, maana mshipa wa sauti umepita pale pale kisu kilipopita. Bibi aliyataja mambo hayo mpaka anafariki, na katika dua zake, baada ya wazazi na watoto, alikuwepo "Mchina wangu".

Damu ikapimwa kwa GP, daktari wa mtaa wao, ikaonekana tezi ya koo, ile wanayoiita thairoidi, imezorota. Ndiyo sababu ya baridi, ya uchovu, ya nywele na ya sauti. Mardhiya akapelekwa hospitali kwa daktari wa tezi, na Haifa akaomba ruhusa kazini ili awe mkalimani.

Mlangoni nesi aliuliza kama mgonjwa atakubali wanafunzi wa udaktari wawepo. "Wakiwa wanawake," alisema Mardhiya. Wakaingia wasichana wawili, na nyuma yao Daktari Szeto, mama mfupi mwenye nywele za mvi na raba miguuni, ambaye wazee wake walihamia kutoka Hong Kong.

Mmoja wa wanafunzi, Seema, alikuwa Mgujarati wa mtaa wa Kingsbury. Aliposikia Kiswahili akainama kidogo na kusema, "Shikamoo."

Mardhiya akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Marahaba. Lakini mie na wewe si rika?"

"Bibi yangu Lila kazaliwa Zanzibar," alisema Seema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Anasema, ukikosea, kosea kwa heshima."

Wakamketisha kwenye kiti, wakampa glasi ya maji. Daktari Szeto akawafundisha kusimama nyuma ya mgonjwa na kuweka vidole mbele ya koo. Mwanafunzi wa kwanza alishika kwa woga na kwa nguvu pamoja.

"Taratibu," alisema daktari. "Shika kama unamwamsha mtoto aliyelala."

Seema alipofika zamu yake alipasha vidole moto kwanza, akavisugua kwenye kanzu yake nyeupe. "Kunywa kidogo, mama. Meza." Mardhiya akameza, na akahisi vidole vinafuatana na uvimbe, juu, chini, bila ya kuubana.

Kisha daktari akauliza: kuna dawa yoyote anayotumia? Ya dukani, ya mitishamba, ya nyumbani?

Haifa akafasiri. Mardhiya akasema hapana.

Hakuona kuwa anasema uongo. Mwani ni chakula, si dawa. Na hata kama ni dawa, aliyempa ni mama yake huyu huyu anayefasiri. Ataanzaje kumtaja Bi Mize mbele ya binti yake, mbele ya wageni, kana kwamba anamshitaki?

Daktari Szeto akawageukia wanafunzi. Nani, aliwauliza, walikuwa wa kwanza kutibu rovu? Mmoja akataja wapasuaji wa Uswisi. Daktari akatikisa kichwa, akasema hao ni wa juzi. Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita tabibu mmoja wa China aliandika kwamba mwenye rovu alowekewe mwani ndani ya mvinyo, anywe kidogo kidogo. Wengine waliomfuata wakatumia tezi za koo za kondoo. Hawakuwa na darubini, wala hawakuwa na jina la madini joto yaliyomo ndani ya mwani. Walikuwa na macho na subira, wakaona shingo zinapungua.

"Anasema nini?" Mardhiya alinong'ona.

"Anasema Wachina wa zamani wakitibu shingo kwa mwani na ulevi. Usijaribu, wifi."

"Astaghfirullah."

Lakini daktari alikuwa bado anaendelea, na sasa Haifa alifasiri neno kwa neno, kwa kuwa hata yeye ilimvutia. Bibi yake daktari alikuwa akipika supu ya mwani, na yeye mwenyewe bado anaipika. Haidharau hata siku moja. Ila tezi ya koo ni kama mtoto wa kulishwa: ukimnyima anadhoofika, ukimshindilia anatapika. Shingo iliyokosa madini joto huvimba, na iliyozidishiwa nayo huweza kuvimba, tena ikaacha kazi. Na kwa mama anayenyonyesha, yanayozidi hupita kwenye maziwa.

Mardhiya akamtazama Musab. Alikuwa mikononi mwa Haifa, chini ya taa kali, katikati ya watu wanaozungumza, kalala. Ukapita mbele yake utulivu wote aliokuwa akiushukuru, siku baada ya siku.

"Haifa," alisema. "Mwambie nala mwani."

"Mwani gani?"

"Aliniletea mama. Ulipokwisha nikanunua wa huku. Kila siku. Vijiko vingi."

Haifa aliuinamia uso wa Musab, akamgusa shavu kama anayetaka kumwamsha. Aliyefasiri alikuwa Seema, polepole, akitafuta maneno, na hakuongeza wala hakupunguza.

Daktari Szeto hakunyanyua sauti. Alivuta kiti akakaa mbele ya Mardhiya, magoti karibu na magoti. "Asante kwa kuniambia," alisema. Mardhiya akafungua simu, akamwonyesha picha ya pakiti, aliyoipiga ili amwonyeshe Bi Mize lakini hakuituma. Daktari akaitazama, akaeleza: huu ni mwani wa bahari ya baridi, mmea mwingine kabisa na ule wa Pemba. Una madini joto mara nyingi zaidi, na kijiko kimoja kinapita mahitaji ya siku nyingi.

"Nimemlisha sumu mwanangu?"

"Umemlisha maziwa," alisema daktari, na Haifa akafasiri huku machozi yanamtoka. "Mnyonyeshe hivyo hivyo. Unga tu ndio uuache leo. Na leo hii tutampima yeye pia."

Wakamchoma Musab kisiginoni. Akalia kidogo, kilio cha uvivu, akarudi kulala. Mardhiya alirudi nyumbani na vidonge vidogo vya kumeza asubuhi kabla ya kula, akaitupa pakiti kwenye pipa la nje, asitake hata ikae ndani ya nyumba.

Majibu ya kwanza ya mtoto hayakuwa mazuri sana wala mabaya sana. Tezi yake ilikuwa imelemewa, wanatarajia itajirudi yenyewe, watampima tena. Siku za kungoja zile Mardhiya alikuwa akimwamsha Musab anyonye, akimsemesha, akimwimbia, akisikiliza kila pumzi. Abdulsamad akirudi kazini alikuta mama na mtoto wanatazamana tu. Kisha asubuhi moja Musab alichelewa kupewa ziwa, akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Mardhiya aliingia chumbani mbio, akasimama mlangoni, akamwacha alie kidogo, kwa raha ya kumsikia. Jeff alipokutana nao ngazini aliuliza yule mtoto mpole kaenda wapi. "Yupo huyu huyu," alijibu Mardhiya kwa Kiingereza chake, na akacheka mpaka mzee naye akacheka.

Daktari Szeto alipiga simu mwenyewe. Damu ya mtoto imerudi sawa. Ya mama inakwenda vizuri. Hakuna kisu, na ziwa lisiachwe.

Ikabaki kazi moja. Mardhiya alikaa kitandani, Musab kifuani, Haifa pembeni, akampigia Bi Mize. Akaeleza yote, tangu mwanzo.

"Na mwani wangu?" aliuliza Bi Mize. "Wangu ulimdhuru?"

"Hawajasema hivyo, mama. Ila wamenambia nikinyonyesha nisile wowote bila ya kuuliza."

"Basi usile. Ungenambia umekwisha, nisingekuletea mwingine bila ya wewe kumuuliza daktari."

"Mama, usidanganye," alidakia Haifa. "Ungeleta gunia."

"Nyamaza wewe, nazungumza na mwanangu." Bi Mize akavuta pumzi. "Huyo daktari ana mama?"

"Sijui, mama."

"Akiwa yu hai, Mungu amweke. Akiwa kafa, amrehemu. Kamzaa mtu." Kisha akauliza, "Mbona simsikii mjukuu wangu?"

"Ananyonya, mama."

"Ah. Basi nisimkatishe."

Lakini simu hakuikata. Alikaa nayo sikioni huko Pemba, kimya, na huku Mardhiya naye akakaa kimya, mpaka mtoto aliposhiba.