Mpimaji wa Uongo

Mpimaji wa uongo ofisini kwetu ana viganja vya moto. Kabla hajambana mtu vidoleni kwa vibanio vya mashine yake, humsugua vidole taratibu, kwa sababu vidole baridi havitoi jasho, na mashine inataka jasho. Kisha humfunga mkanda wa pumzi kifuani na wa presha mkononi. Akiuliza, sauti yake haipandi wala haishuki. Jioni, mkoba begani, hutuaga vilevile: “Acheni niwahi, nyumbani wananisubiri.”

Juzi mashine ilirudi kutoka kwa fundi. Akajifunga mwenyewe ili aijaribu. “Dada, niulize lolote. Kila swali nitajibu hapana. Nikidanganya, kalamu ya mashine iruke kwenye karatasi.”

Nikamuuliza kama anapenda chai, yeye anayemaliza chupa nzima peke yake. “Hapana.” Kalamu ikaruka, tukacheka. Nikatafuta swali jingine jepesi.

“Kuna mtu anakusubiri nyumbani?”

“Hapana.”

Kalamu ikapita imetulia. Sote wawili tukautazama ule mstari ulionyooka. Akafungua mikanda polepole, akaanza kujisugua vidole.

“Mashine ni nzima,” akasema.